Kioo Hakijivunji

Mama alitoa vikombe vya wageni. Vikombe vile havikuwa vikishuka kabatini kwa ajili ya mtu wa hivi hivi, na Almasi alipoviona vimepangwa mezani alijua kwamba mama yake ameshakubali posa ambayo hata haijatamkwa.

"Mama, si tulikubaliana wanakuja kusalimia tu?"

"Ndiyo wanasalimia. Kwani salamu na vikombe vina ugomvi?" Mama alifuta kikombe kilichokuwa kisafi tangu jana. "Na kabadilishe nguo. Unanuka mafuta ya taa."

"Nimetoka kazini, mama."

"Basi kazi ingebaki huko kazini. Nenda."

Almasi hakwenda. Alikaa kwenye kiti cha pembeni na gauni lake la kazi, akakunja mikono.

Jina la Almasi hakupewa na wazazi. Walimpa watu wa karakana ya shangazi yake, ile ya kukata vioo nyuma ya soko, kwa kuwa hakuna aliyeishika kalamu yenye ncha ya almasi kama yeye. Akishapitisha mstari, kioo kinakubali bila kelele. Jina likamganda. Kisha miaka miwili iliyopita likapata maana ya pili, zilipoenea habari kwamba amemkataa mchumba wake siku ile ile ya kufunga ndoa. Wanawake wa sokoni walikuja kumpa mkono. "Almasi kweli wewe," walimwambia. "Mwanamume akuchezee kwa lipi!" Naye akatabasamu, akauvaa uongo ule kwa sababu ulimkaa vizuri.

Uongo, ndiyo. Ukweli ni kwamba walipanga kwenda wawili tu kusaini ofisi ya ndoa asubuhi, na ndugu wawakute jioni ukumbini. Almasi alifika. Alikaa kwenye benchi na gauni lake la rangi ya maziwa mpaka karani akaanza kumwonea haya, na mwanamume hakutokea. Simu yake haikupatikana. Baadaye ukaja ujumbe mmoja mfupi: "Mambo yameharibika. Nisamehe." Almasi alirudi nyumbani akamkuta mama yake anahesabu viti vya sherehe, na alipoulizwa bwana yuko wapi, ulimi ulimtangulia. "Nimemkataa, mama. Nimebadili mawazo." Aliyeachwa huonewa huruma, na huruma ya watu Almasi hakuweza kuimeza hata kwa maji.

Na ubaya zaidi ni huu: alikuwa bado anampenda. Hilo nalo hakumwambia mtu.

Hodi ilipopigwa, shangazi ndiye aliyefungua mlango. Kwanza aliingia mjomba mtu, mzee mnene mwenye fimbo asiyoihitaji. Nyuma yake akaingia yeye.

Watu wote walimwita Mchoraji, kwa kuwa kazi yake ni kuchora ramani za nyumba. Almasi alikuwa amejiandaa kumwona. Alijiandaa wiki nzima, kama mtu anayejiandaa kwa sindano, na sindano ilipoingia aliumia vile vile. Amekonda kidogo. Amefuga ndevu, na zimempendeza, mshenzi yule. Macho ni yale yale, yenye kope za kike, na yalipomwangukia Almasi yalikaa hapo kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu. Moyo wa Almasi ukaruka. Akauambia utulie.

"Karibuni, karibuni mkae," Mama alisema. "Jamani, umekuwa mtu mzima, mwanangu!"

"Nimekua, mama," Mchoraji alijibu, na akaweka mkono kifuani. "Namshukuru Mungu, nimekua."

Hata sauti ilikuwa mpya. Zamani alikuwa akiongea haraka, akimaliza sentensi za wenzake. Sasa alikuwa na mtindo wa kuvuta pumzi kabla ya kujibu, kama mtu anayeonja mchuzi. Habari zake zilikuwa zimetangulia: alikuwa ameingia kwenye semina za kujitambua, akasafiri kwa semina, mpaka akaanza kualikwa kusimama mbele kuwasimulia wengine. Mama alikuwa amezisikia semina hizo kwenye simu ya jirani, na akalia.

Chai ilimiminwa. Mjomba alikohoa.

"Mama mwenye nyumba, na wewe shangazi wa binti, sisi hatukuja kwa maneno mengi. Tumekuja na moyo mweupe. Miaka miwili iliyopita kijana wetu aliaibika sana. Ukumbi umelipiwa, watu wamealikwa, bibi harusi kabadili mawazo! Wengine wangeweka kinyongo mpaka kaburini. Lakini kijana huyu amejifanyia kazi. Akaniambia, mjomba, twende. Mimi nimeshamsamehe."

Mjomba akanywa chai.

Almasi alihisi masikio yake yanawaka. Alidhani hakusikia vizuri. Alimtazama Mchoraji, akingoja aseme hapana, mjomba, hapo umekosea njia. Mchoraji aliinamisha kope zake ndefu akatazama chai.

"Amenisamehe," Almasi alirudia.

"Kabisa," alisema mjomba kwa ukarimu. "Wala hana neno."

"Mjomba, tusiende huko," Mchoraji akasema polepole. "Mimi nimejifunza kuachilia."

"Umeachilia nini?"

Akavuta pumzi. "Maumivu."

"Ya nani?"

"Yetu sote. Uliumia, na mimi niliumia, na naziheshimu hisia zako. Kuna mambo yalisemeka, mengine yakaharibika. Imani ilipotea. Uhusiano wetu ulivunjika. Nimekaa na hilo kwa muda mrefu, nikajiuliza, lilitokea ili linifundishe nini?"

Mama akajifuta macho na ncha ya kitambaa. "Nani siku hizi anasema maneno kama haya? Marehemu mume wangu aliniomba msamaha mara moja tu maisha yake yote, na alikuwa ana homa."

Yalikuwa maneno mazuri, hilo asinyimwe. Almasi mwenyewe sehemu fulani ya moyo wake ilitaka kuyaegemea na kufumba macho. Lakini aliyalelea masikio yake karakanani, na masikio hayo yakakwaruzwa. Yalisemeka. Yakaharibika. Ilipotea. Ulivunjika. Katika kinywa cha mtu huyu kila kitu kilijifanya chenyewe.

Karakana ya shangazi ilikuwa na sheria moja iliyozipita zote. Ukivunja kioo, unapaza sauti, "Nimevunja!", na kila mtu anasimama pale alipo, mguu hewani ikibidi. Kisha shangazi anauliza, "Wapi?", na wewe unaonyesha vipande vimeruka mpaka wapi. Halafu unafagia mwenyewe. Haikuwa adabu, ilikuwa usalama wa nyayo. Mtu akisema "kimevunjika," watu wanageuka kukitazama kioo na kuanza kusikitika. Akisema "nimevunja," wanamtazama yeye na miguu yake, na wanajua pa kutokanyaga. Mgeni yeyote aliyekuja kujifunza kazi na kusema "kimevunjika" alijibiwa na shangazi papo hapo: "Kioo hakijivunji. Kingekuwa kinajivunja chenyewe, ningekuwa tajiri."

Na Almasi alikumbuka siku moja, penzi lao likiwa bado bichi, Mchoraji alipokuja kufuata vioo vya madirisha. Alikuwa anasimulia kichekesho kwa mikono yake yote miwili, akakipiga kioo cha kabati la mteja. Chote chini. "Jamani, kimevunjika!" alisema, macho yamemtoka. Shangazi alikuwa anakuja. Almasi hakufikiri. "Nimevunja!" alipaza sauti, akasimama mbele yake. Shangazi alimtazama, akawatazama wote wawili, na kwa mwezi mzima Almasi aliondolewa meza ya kukatia akawekwa kuosha. Mchoraji alimletea maua pale penye ndoo. "Wewe unanipenda kweli," alimwambia, akicheka. Almasi aliosha vioo mwezi ule mikono ikichubuka, na aliona fahari.

Sasa alimtazama shangazi yake aliyekaa kwenye kona ya kochi. Shangazi alikuwa anakoroga chai isiyo na sukari.

"Nina swali moja tu," Almasi alisema. "Umesema uhusiano ulivunjika. Nani aliuvunja?"

Mjomba akaingilia. "Binti yangu, yaliyopita si ndwele."

"Tugange yajayo, ndiyo mjomba. Lakini hata mganga huuliza kwanza unaumwa wapi."

"Maji yakimwagika hayazoleki!"

"Na aliyeyamwaga je? Yeye ana methali yake?"

"Wewe mtoto!" Mama alishtuka. "Mbele ya wageni!"

"Namuuliza yeye, mama. Ana ulimi. Watu wanajaza ukumbi kuusikiliza."

Mchoraji aliinua mkono taratibu, kama anayetuliza darasa. "Niacheni nijibu. Nalielewa swali lako, na nalipokea. Lakini sidhani hapa ni mahali pa kumtafuta mkosaji. Mimi kwa kweli nimefika hatua ambayo sihitaji tena kumlaumu mtu yeyote."

Almasi alicheka. Hakukusudia, kilimtoka tu, kicheko kifupi kikavu.

"Hatua nzuri hiyo. Hasa kwa mtu ambaye lawama ni zake."

Akangoja. Kungoja kule kulimgharimu. Alitamani kumwokoa: aseme yamekwisha, acheni, ni mimi, kosa langu, tunyweni chai. Alikuwa hodari wa hilo. Mtu huyu akitaka kuanguka, yeye ndiye aliyekuwa godoro. Na angesema hivyo sasa, mambo yote yangekaa sawa: Mama angepiga vigelegele, mjomba angeomba kikombe cha pili, na kabla ya mwaka kwisha angekuwa mke wa mwanamume anayempenda. Alikitaka kitu hicho.

Mchoraji alivuta pumzi. Akaitoa.

"Basi mimi nitasema langu," Almasi alisema, akasimama. "Mama, mimi sikumkataa huyu bwana. Nilikwenda, nikakaa, nikangoja, na hakuja. Ni mimi niliyeachwa."

Kikombe cha Mama kiligonga sahani.

"Unasema nini?"

"Nilikudanganya."

"Mbona ulituambia... Watu wote wanajua..."

"Watu wote niliwadanganya. Sisemi habari zilienea, mama. Nilizieneza mimi. Nilipenda mlivyoniita jasiri. Mkasema, mnaona mtoto wetu alivyo imara, amekua, hatetereki na mwanamume. Nimekaa miaka miwili nikipokea heshima isiyo yangu, na usiku nikilia kwenye mto. Mimi na huyu tulijifunika shuka moja. Yeye kakua kwa semina, mimi nikakua kwa uongo. Leo shuka nimelivuta. Atakayeona baridi, shauri yake."

Mjomba alikuwa ameishika fimbo yake kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza alionekana kuihitaji.

"Wewe," alimwambia mpwa wake. "Ni kweli?"

"Mjomba, hili ni jambo lenye pande nyingi..."

"Nimekuuliza ni kweli au si kweli. Sikuuliza lina pande ngapi."

Mchoraji alitazama mlango. Mzee akaelewa. Akaiweka chai yake mezani ikiwa nusu, akainuka kwa shida.

"Mama mwenye nyumba, tutaomba ruhusa."

"Jamani, kaeni!" Mama alikuwa kati ya kulia na kupiga kelele. Alimgeukia bintiye. "Haya, kakuacha. Si amerudi? Wangapi huacha na hawarudi? Kijana wa watu kabadilika, anaongea kama malaika, unataka nini tena? Apige magoti?"

"Sitaki magoti, mama. Nataka mtu ndani ya maneno yake. Ameongea tangu alipoingia, na yeye mwenyewe hayumo."

Mlangoni, mjomba akiwa ameshatangulia kwenye ngazi, Mchoraji alisimama. Walikuwa karibu kiasi kwamba Almasi aliisikia harufu yake, ile ile ya penseli na sabuni. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na ile sauti ya semina ilikuwa imemkimbia.

"Umeniaibisha," alisema akiuma meno.

"Unaona?" Almasi alimwambia kwa upole, na machozi yalikuwa karibu. "Kumbe unaweza. 'Umeniaibisha.' Mtenda yumo na mtendwa yumo. Sarufi unaijua vizuri sana, ila mpaka mkosewa awe wewe."

Akafunga mlango.

* * *

Jumatatu soko zima lilikuwa limeshajua. Wanawake waliokuwa wakimpa mkono sasa walimpa jicho. "Kumbe aliachwa," mmoja alinong'ona kwa sauti ya kusikika, ndivyo wanong'onavyo. Mama alikuwa hajamsemesha tangu Jumamosi isipokuwa kwa kupitia sufuria. Akimkasirikia alikuwa akizigonga.

Almasi alipita katikati yao kichwa juu. Ajabu ni kwamba kilikuwa chepesi. Miaka miwili yote alipita njia hiyo hiyo akisifiwa, na shingo ilikuwa ikimuuma.

"Niliyeachwa nimefika," alisema akiingia karakanani.

"Vaa glavu, mwenye kuachwa," akajibu Fremu, mzee wa kutengeneza fremu za picha, ambaye mkewe alimkimbia zamani na hakuwahi kuificha habari hiyo. "Ukoo wetu ni mkubwa. Karibu."

Shangazi alimwekea mezani kioo kikubwa cha mlango wa duka, kazi ambayo kwa kawaida huifanya yeye mwenyewe, akaondoka. Almasi alikielewa kitendo hicho.

Alikuwa amechovya kalamu kwenye mafuta na kuweka rula pale kivuli kilipoziba mlango. Hakuhitaji kuinua macho. Kuna watu unaijua hata namna wanavyozuia mwanga.

Mchoraji alikuwa peke yake. Shati lilikuwa la jana au la juzi, begani ana lile bomba refu la kubebea ramani, na mkono haukuwa kifuani.

"Naomba tuongee."

"Ongea. Kazi inafanywa na mikono, masikio yana nafasi."

Akatazama huku na huku. Fremu alikuwa ameacha kupiga msumari waziwazi ili asikie vizuri.

"Nimetafakari sana tangu juzi," Mchoraji alianza. "Nimegundua kwamba ndani yangu kuna hofu ambayo... kuna vitu vilitokea utotoni ambavyo..."

Almasi alitua kalamu.

"Sikiliza. Nakupenda. Sijui kama ulikuwa unajua, sasa unajua. Nakupenda na ninakwambia nenda. Usidhani hayo mawili yanagombana. Siwezi kuolewa na mtu ambaye kila kikiharibika kitu ndani ya nyumba, nitakuwa mimi au utoto wake. Nilishakuwa ufagio wako. Nimestaafu."

"Mpenzi..."

"Nenda, tafadhali. Kabla sijaanza kukuonea huruma."

Alisimama kidogo. Kisha akageuka ghafla, kama wanavyogeuka wanaume wanaoogopa kuonekana wakilia. Lile bomba la ramani likageuka naye. Likakipiga kioo kilichoegeshwa kando ya mlango, kioo kizima cha dirisha kilichokuwa kinangoja mteja wa mchana, na kioo kikaenda chini na sauti iliyojaza chumba.

Kila mtu aliganda. Fremu alibaki na nyundo juu. Shangazi alitokea mlango wa nyuma akasimama kizingitini. Na wote wawili hawakumtazama Mchoraji. Walimtazama Almasi, kwa sababu walikuwapo ile siku nyingine.

Neno lilimpanda. Alilihisi linakuja, limezoea njia: Nimevunja. Mdomo ulikuwa umeshaanza kufunguka. Almasi aliuma ulimi, akauma kweli, mpaka akaonja chumvi ya damu.

Kipande kimoja kilichochelewa kikajiviringisha sakafuni, kikalala.

"Ki..." Mchoraji alisema. "Kime..."

Alitazama vile vipande, akatazama lile bomba begani kwake kana kwamba ni la mtu mwingine. Kisha alimtazama Almasi, akauona mdomo wake uliofungwa kwa nguvu, na ni kama alitambua kitu alichokuwa akipewa siku zote bila kukiona.

"Nimevunja," alisema kwa sauti ndogo.

"Huku nyuma hatusikii," shangazi alisema.

"Nimevunja!"

"Wapi?"

"Hapa mlangoni." Aliinama akatazama. "Vimeruka mpaka chini ya zile meza." Shangazi aliitikia kwa kichwa, yamekwisha, na ingetosha. Lakini Mchoraji hakuondoka pale. "Na ofisi ya ndoa. Huko nako nilivunja. Nilifika siku ile."

Almasi aliinua uso.

"Nilifika," Mchoraji akamwambia. Sasa alikuwa akiongea haraka, vibaya, kama zamani. "Niliegesha gari ng'ambo ya barabara. Nilikuona kupitia dirishani. Ulikuwa unajipepea na bahasha, unacheka na karani. Niliogopa. Nikawasha gari nikaondoka. Nilizima simu. Usiku mama aliniuliza, nikamwambia umenikataa. Sikujua kama na wewe umesema hivyo. Nilipojua, nilifurahi. Nilifurahi, unasikia? Na Jumamosi mjomba alipokuwa anasema nimekusamehe, nilikuwa najua anachosema, nikamwacha."

Alikoma. Almasi alingoja "lakini." Kwa mtu huyu kulikuwa na "lakini" siku zote, alikuwa nazo mfukoni kama njugu. Alingoja, na haikuja.

Hasira ilimjaa mpaka machoni. Kwa hiyo aliniona. Nimekaa pale na gauni langu, nacheka kwa furaha yake, naye ananitazama. Alitaka kumrushia rula. Na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine, kidogo, kigumu, ambacho hakikuwapo Jumamosi. Kilikuwa kinafanana na sakafu.

"Mama yako anajua?"

"Bado. Nikitoka hapa naenda kwake."

"Na wale wa semina? Huwa unawaambia nini, unaposimama mbele?"

Alifumba macho. "Huwa nawaambia habari ya mwanamke aliyenivunja moyo."

Fremu aliachia mluzi mrefu. Shangazi alimnyamazisha kwa jicho.

"Basi bado una vipande vingi sana," Almasi alisema.

"Najua."

"Hujui. Utajua ukianza kuviokota."

Shangazi alikuja na ufagio na beseni la taka, akampa. Mchoraji alivua lile bomba, akaliegemeza mbali, akapiga magoti mlangoni. Alianza kwa mikono, mjinga yule, na kipande cha pili tu kikamkata kidole. Damu ikatoka. Mguu wa Almasi ulikuwa umeshainuka. Tayari alikuwa ameshika kitambaa, na mwili mzima umeelekea kule.

Akaurudisha mguu chini, karibu na mwenzake.

"Tumia ufagio," alimwambia kutoka pale alipo. "Ndiyo maana umepewa."

Mchoraji alifunga kidole kwa leso yake mwenyewe, akashika ufagio. Almasi alirudi kwenye kioo chake, akaweka rula upya. Kalamu ilipita, ikaacha ule mstari mwembamba ambao asiyejua kazi hauoni. Fremu alirudi kwenye msumari. Wateja wawili waliingia, wakamruka mwanamume aliyepiga magoti, wakauliza bei, wakatoka. Hakuinua kichwa kuona kama anatazamwa. Almasi alilingojea hilo pia, na alikasirika kidogo kwamba alikuwa analingojea.

Alifagia mlangoni. Akafagia ukutani. Akaingia chini ya meza ya Fremu, mahali ambapo hapajafagiwa tangu karakana ifunguliwe, akatoka na utando wa buibui kwenye zile ndevu nzuri. Ufagio ukaendelea kusogea, ukafika meza ya kukatia, ukasimama.

"Samahani," sauti ilisema kutoka chini. Haikuvuta pumzi kwanza. "Inua mguu. Kuna vipande vyangu hapo."

Almasi hakuwa amesema ndiyo, na siku ile hakuisema. Aliinua mguu.